UZI: Kupeleka mvinyo wa Dodoma ProWein, Düsseldorf – banda, viza, chupa na forodha

#1 Mzabibu wa Hombolo

Wakuu, habari za kazi. Maswali kuhusu ProWein yametawanyika kwenye nyuzi nyingi, kwa hiyo naweka hapa mfululizo wote kwa mzalishaji mdogo mwenye aina tatu au nne za mvinyo. Anayejua zaidi sehemu yoyote aongeze, na nilipokosea anisahihishe.

ProWein ni maonyesho ya biashara ya mvinyo na pombe kali. Yalianza mwaka 1994, na hufanyika Düsseldorf, Ujerumani, mwezi Machi kwa siku tatu. Ya 2026 yalipangwa 15–17 Machi, Jumapili hadi Jumanne. Mnywaji wa kawaida haingii. Anayesimama mbele ya banda lako ni mwagizaji, mnunuzi wa supamaketi, mwenye hoteli, msambazaji au mwandishi wa mambo ya mvinyo. Watu hao wanaonja mamia ya mvinyo kwa siku na hawarudi mara ya pili kwenye banda lililowapa chupa mbovu.

Hesabu ianzie siku ya ufunguzi na kurudi nyuma.

Miezi 8 hadi 10 kabla: banda. Kukodi sehemu tupu na kulijenga banda mwenyewe ni ghali kwa mzalishaji mmoja. Nafuu ni kuingia kwenye banda la pamoja, la taifa au la kikundi. Waulizeni TanTrade mapema kama wana mpango wa mwaka huo, na wa Kenya waulize KEPROBA. Kabla ya kulipa, taka orodha ya vilivyomo kwenye bei: umeme, friji, glasi na kuoshwa kwake, barafu, usafi, stoo ya kuhifadhi chupa za akiba, jina lako kwenye katalogi. Kila ambacho hakimo utakilipia peke yake, na kikiagizwa baada ya tarehe ya mwisho bei hupanda.

Miezi 6 kabla: chagua mvinyo utakaokwenda na uupeleke maabara. Uwe ule ule utakaoweza kuuza. Kupeleka chupa bora ya pipa moja ambalo limebakiza lita 200, halafu mtu akaagiza paleti mbili, ni kujifungia mlango.

Miezi 4 hadi 3: viza. Wiki 6: shehena iwe tayari kuondoka. Wiki 2: shehena iwe imefika Ujerumani na kupumzika.

Kwa idadi, nadhani chupa 24 zinatosha kwa aina nne.

#2 Binti Veyula

Asante sana kaka kwa uzi. Swali: nikibeba chupa 12 kwenye sanduku langu la ndege, si nitakuwa nimemaliza habari ya forodha? Na kuna mtu kanitajia Carnet ya ATA kwamba inasamehe kila kitu.

#3 Bandari Kavu

Binti Veyula, tuanze na Carnet. Hiyo ni hati ya kuingiza kitu kwa muda na kukitoa tena: mashine, kamera, vifaa vya banda. Kitu cha kuliwa, kunywewa au kugawiwa hakirudi, kwa hiyo hakiingii humo. Achana nayo kwa mvinyo.

Sasa sanduku. Msafiri anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa lita 4 za mvinyo usio na gesi bila ushuru, lakini msamaha huo ni wa matumizi binafsi. Chupa za kuonjesha kwenye maonyesho ni biashara hata ikiwa ni chupa mbili. Chupa 12 ni lita 9, kwa hiyo umevuka hata kile kipimo cha msafiri. Ukipita nazo njia ya kijani, ya wasio na cha kutangaza kwa forodha, umekwepa ushuru: chupa zinaweza kushikiliwa, ukalipishwa ushuru na faini juu yake. Ukitaka kubeba mwenyewe inawezekana, ila pita njia nyekundu, uwe na ankara, na ujue utasimama hapo na afisa wakati wenzako wanapanga banda.

Kwa upande wa ndege hakuna tatizo la kilevi: kinywaji chenye kilevi kisichozidi asilimia 24 hakina kikomo cha ujazo kwenye mzigo wa chini, kinachokubana ni kilo. Chupa nene iliyojaa ni kati ya kilo 1.2 na 1.5.

Njia ninayoipendekeza ni shehena ya ndege iliyoandikwa kwa jina la wakala wa mizigo anayehudumia maonyesho hayo, ambaye ndiye atakayefanya tamko la forodha kule. Wewe huna namba ya EORI (utambulisho wa mfanyabiashara kwa forodha ya Ulaya) wala anwani Ujerumani, yeye anavyo. Kila maonyesho makubwa yana mawakala wao wa mizigo, na majina yao yamo kwenye kitabu cha waonyeshaji.

Makaratasi:

Ankara ya proforma na orodha ya vifungashio. Andika kila aina peke yake: jina, mwaka wa mavuno, kilevi, ujazo, idadi, namba ya lot (toleo la uzalishaji), msimbo wa forodha 2204.21 kwa mvinyo wa zabibu kwenye chupa zisizozidi lita 2. Thamani usiandike sifuri. Hata kama haziuzwi, forodha inahitaji thamani ya kukokotolea. Andika bei halisi na uongeze kwamba ni sampuli za maonyesho.

Tamko la asili. Bidhaa za Tanzania zinaingia Umoja wa Ulaya bila ushuru wa forodha chini ya mpango wa nchi zenye maendeleo duni. Kwa shehena isiyozidi yuro 6,000 msafirishaji yeyote anaweza kuandika tamko hilo juu ya ankara yake, kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Ikizidi hapo lazima uwe umesajiliwa kwenye REX, mfumo wa Ulaya wa wasafirishaji waliosajiliwa. Watu wanasahau mstari huu mmoja na wanalipa ushuru ambao hawakudaiwa.

Fomu ya VI-1, yaani cheti cha uchambuzi wa mvinyo: shehena isiyozidi lita 100 kwa jumla, kwenye chupa zenye lebo na kizibo kisichotumika mara mbili, haihitaji. Kwa hiyo usizidishe lita 100, na usipeleke chupa isiyo na lebo hata moja.

Paleti au kreti ya mbao iwe na muhuri wa ISPM 15, kwamba mbao zimetibiwa dhidi ya wadudu. Mbao za fundi wa mtaani zisizo na muhuri zinaweza kurudisha shehena nzima. Katoni haina sharti hilo.

Hapa Tanzania: tamko la kusafirisha linapita kwa wakala wa forodha kwenye mfumo wa dirisha moja wa TRA, na cheti cha TBS kiwepo.

Sasa jambo linalowachanganya wengi. Ulaya ina msamaha wa ushuru kwa vitu vidogo vya kutumiwa kwenye maonyesho, kanuni namba 1186/2009. Kanuni hiyo hiyo imeondoa pombe, tumbaku na mafuta ya kuendeshea. Mwenye korosho ananufaika nayo, mwenye mvinyo hapana. Kwa mvinyo wetu ushuru wa forodha ni sifuri kwa sababu ya asili yake, na ushuru wa bidhaa wa Ujerumani kwa mvinyo usio na gesi ni sifuri. Kinachobaki ni VAT ya asilimia 19. Mfano: chupa 42 kwa yuro 4 ni yuro 168, ongeza nauli ya ndege, tuseme yuro 400, asilimia 19 ya 568 ni yuro 107.92. Ada ya wakala huwa kubwa kuliko kodi yenyewe, kwa hiyo omba nukuu kwa maandishi mapema. Mvinyo wenye gesi unatozwa yuro 136 kwa hektolita (lita 100), kama yuro 1.02 kwa chupa ya mililita 750.

#4 Mzabibu wa Hombolo

Nimenyooshwa kuhusu Carnet, maana nami nilikuwa nimeiweka kwenye orodha yangu. Chupa 42 umezipataje?

#5 Bandari Kavu

Onjo moja ni mililita 30. Watu 200 kwa siku tatu, kila mmoja aina nne, ni mililita 24,000, yaani chupa 32. Ongeza 4 za kasoro ya kizibo na zinazobaki wazi jioni, na 6 za kumpa mnunuzi anayetaka kwenda kuonja ofisini kwake. Jumla 42, lita 31.5, katoni 7 za chupa sita. Kwa 24 ungekaukiwa Jumatatu jioni.

#6 Msomi wa Viza

Niongezee sehemu ya viza, kwa kuwa ndiyo inayowakatisha watu tamaa.

Viza ya Schengen ya safari fupi inaombwa si zaidi ya miezi 6 kabla na si chini ya siku 15 kabla ya safari. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, unaweza kufika 45. Lakini nafasi ya kuwasilisha maombi ndiyo inayochelewa, kwa hiyo weka miadi mara tu unapopata barua ya waandaaji. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, haina kurudishwa. Unaomba kwa nchi unakokaa zaidi: ukienda ProWein kwa kupitia Amsterdam, maombi ni ya Ujerumani ingawa pasipoti inakaguliwa Uholanzi.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ina kurasa mbili tupu, na inabaki hai angalau miezi 3 baada ya kutoka Schengen. Bima ya safari iwe na kikomo kisichopungua yuro 30,000, ihusu nchi zote za Schengen na siku zote za safari. Ongeza siku mbili mbele, ndege zikichelewa bima isikuishie njiani.

Karatasi zinazobeba uzito kwa mfanyabiashara: uthibitisho wa banda uliolipiwa, ukiwa na jina lako kama ilivyo kwenye pasipoti, usajili wa BRELA, TIN, leseni ya biashara, taarifa za benki za miezi ya karibuni, za kampuni na za kwako, ratiba ya siku kwa siku, nafasi ya hoteli na ya ndege. Barua yako ieleze nani analipa nini. Ikiwa kampuni inalipa, fedha zionekane kwenye akaunti ya kampuni.

Kinachoangusha maombi mara nyingi ni karatasi kutokubaliana. Barua inasema siku 6, bima siku 5, hoteli siku 9. Au akaunti imekaa tupu miezi miwili, halafu milioni 15 zimeingia wiki ya maombi bila maelezo. Fedha ya mauzo ikiingia, ambatanisha ankara yake. Mfanyakazi wa banda asiye na mshahara unaoonekana benki naye ana mlima wa kupanda. Mtafutieni mkataba wa kazi na hati za mshahara.

Tangu tarehe 1 Julai 2025 Ujerumani imeondoa utaratibu wa kupinga kwa barua. Ukinyimwa, unaomba upya au unakwenda mahakamani Berlin. Ndiyo maana maombi ya dakika ya mwisho ni hatari: hakuna muda wa jaribio la pili.

Mpakani, tangu Oktoba 2025 kuna mfumo mpya wa kuandikisha kuingia na kutoka, picha na alama za vidole. Foleni ni ndefu kuliko zamani. Ukiunganisha ndege au treni Amsterdam, jiachie muda wa saa tatu.

#7 Mkulima wa Murang'a

Sisi wa Kenya tunafuatilia. Je, ukitaka kuweka parachichi na asali kando ya mvinyo kwenye meza, masharti ni yale yale?

#8 Bandari Kavu

Hapana ndugu, ni milango tofauti. Tunda au mboga mbichi yoyote inayoingia Umoja wa Ulaya inahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano: nanasi, nazi, duriani, ndizi na tende. Kwa hiyo parachichi linahitaji cheti cha KEPHIS, na kwa Tanzania ni TPHPA. Hata kama ni matatu ya kupamba meza.

Asali ni zao la mnyama. Msafiri anaruhusiwa kilo 2 za kula mwenyewe. Ya biashara ni lazima itoke nchi iliyo kwenye orodha ya Ulaya, iwe na cheti cha afya, ipite kituo cha ukaguzi mpakani. Sampuli za maonyesho zinaweza kupewa kibali maalumu, ila kibali hicho kinaombwa kabla kwa mamlaka za mifugo za kule, na wakala wa maonyesho ndiye anayejua mlango. Nyama na maziwa usijaribu kabisa kwenye begi, jibini likiwemo.

Tena ProWein ni ukumbi wa vinywaji. Mwenye asali, viungo, korosho au parachichi aangalie Anuga ya Köln, Oktoba ya miaka witiri, au SIAL ya Paris, Oktoba ya miaka shufwa. BIOFACH ya Nürnberg, Februari, ni ya bidhaa za kilimo hai.

#9 Mtunza Pishi

Nimesoma yote na naona jambo kubwa limepitwa: mvinyo wenyewe. Makaratasi yanaweza kukamilika na chupa ikakataliwa kwenye ulimi.

Kwanza utamu. Soko la nyumbani linapenda mvinyo mtamu, na wengi wanautamisha kwa sukari ya dukani mwishoni. Ulaya hairuhusu. Utamu uongezwe kwa mchuzi wa zabibu wenyewe, mbichi au uliokolezwa, au ubaki pale ambapo uchachu umesimamishwa. Maji hayaongezwi. Mnunuzi atakuuliza swali hili dakika ya pili, na jibu la kubabaika linamaliza mazungumzo. Kama mvinyo wako mtamu una sukari ya miwa, peleka ule mkavu tu. Na kinywaji cha rozela au ndizi kisiandikwe mvinyo mtupu kwenye lebo. Jina mvinyo peke yake kule ni la zabibu.

Pili salfaiti, yaani salfa inayowekwa kuhifadhi mvinyo. Kikomo cha mvinyo mwekundu mkavu ni miligramu 150 kwa lita, mweupe na rozé 200. Sukari ikifika gramu 5 kwa lita, vikomo vinakuwa 200 na 250. Watu wa joto wanaweka nyingi kwa hofu ya kuharibika. Pima jumla yake.

Tatu joto. Mvinyo mwingi unafia kati ya Dodoma na kiwanja cha ndege, kabla haujaona baridi ya Düsseldorf. Lori la mchana, katoni juani uwanjani Dar, nyuzi 35 na zaidi: mvinyo unapanuka, unasukuma kizibo, hewa inaingia. Chupa ikifika huko kizibo kimechomoza milimita 2 na shingo ina ute, iweke pembeni. Safirisha usiku, funika paleti kwa karatasi ya fedha ya kuzuia joto, na omba shehena isikae uwanjani wikendi.

Baridi nayo ina lake. Mvinyo ambao haukutulizwa kwa ubaridi pishini utatoa chembe kama vioo kwenye friji ya banda. Ni chumvi ya zabibu, haina madhara, lakini kwenye mweupe inaonekana vibaya. Weka chupa tatu kwenye friji ya nyumbani kwa wiki mbili uone kabla ya kuchagua.

Kwenye banda: Chenin Blanc nyuzi 8 hadi 10. Makutupora na Syrah 16 hadi 18, na ukumbi wenye watu wengi unapata joto, kwa hiyo mwekundu nao unahitaji nusu saa ya friji mchana. Kila chupa ikifunguliwa inuswe na mtu wa banda kabla ya mgeni. Harufu ya katoni iliyoloa maji ni kizibo kibovu. Weka chini, fungua nyingine. Iliyobaki jioni isimiminwe kwa mgeni wa asubuhi. Ndoo ya kutemea iwepo na imwagwe mara kwa mara, mgeni asipotema humo atakwenda kwa jirani.

Lebo: mvinyo uliozalishwa baada ya tarehe 8 Desemba 2023 ukiuzwa Ulaya lazima uonyeshe viambato na virutubisho. Nishati na vizio (vinavyodhuru baadhi ya watu) kama salfaiti viwe kwenye lebo, vingine vinaweza kuwa kwenye ukurasa wa msimbo wa QR. Sampuli haziuzwi, lakini chupa yenye QR tayari inamwambia mwagizaji kwamba kazi hiyo imeshafanyika.

Na wasimulieni kwamba Dodoma inavuna mara mbili kwa mwaka. Hilo hawalioni Ulaya, na litawafanya wasimame.

#10 Binti Veyula

Hapo kwa sukari nimeelewa, inabidi tubadili chaguo letu. Na mambo ya kuishi pale? Hoteli naona bei haishikiki.

#11 Msomi wa Viza

Dada, hoteli za Düsseldorf siku za maonyesho hupanda sana. Lala Duisburg, Neuss, Krefeld au Köln, mradi uwe karibu na stesheni. Kutoka stesheni kuu ya Düsseldorf, U78 inakufikisha mlango wa kaskazini wa maonyesho, na U79, inayotoka Duisburg, inapita upande wa mashariki.

Ujerumani maduka hufungwa Jumapili. Maonyesho yakianza Jumapili, kila kitu kidogo kinunuliwe Jumamosi: vitambaa vya glasi, maji, mkanda wa gundi, mkasi, vifungulio vitatu vya chupa. Duka la stesheni kuu hubaki wazi, kwa bei yake. Soketi zao ni za pini mbili za duara, volti 230. Plagi zetu za pini tatu haziingii, beba adapta mbili.

Ukishalipia banda, barua pepe zitakuja. Zipo zinazojifanya ofisi ya hoteli ya waandaaji na kudai namba ya kadi. Nyingine ni fomu ya "kuhakiki taarifa zako kwenye orodha ya waonyeshaji", na chini kwa herufi ndogo kuna mkataba wa miaka mitatu wenye malipo makubwa kila mwaka. Usisaini chochote ambacho hakikutoka kwenye akaunti yako ya mwonyeshaji.

#12 Bandari Kavu

La bei nalo. Uwe na karatasi moja kwa kila mvinyo: bei kwa chupa kwa yuro, FOB Dar es Salaam (mzigo ukiwa umepakiwa melini) na pia CIF Hamburg (pamoja na nauli na bima hadi huko), chupa kwa katoni, katoni kwa paleti (paleti ya Ulaya ya sentimita 80 kwa 120 hubeba chupa kama 600), kiasi kidogo unachouza, na chupa ulizonazo kweli kwa mwaka huo. Anayesema "tutakutumia bei baadaye" hukumbukwa na wachache.

Kila mgeni andika nyuma ya kadi yake: alionja nini, alisema nini, anataka nini na lini. Jioni hiyo hiyo piga picha kadi zote. Barua ya kwanza itoke ndani ya wiki moja, na kwa aliyeomba sampuli, namba ya kufuatilia mzigo iwemo.

Akiagiza zaidi ya lita 100, ule msamaha wa VI-1 unaisha. Hapo inatakiwa fomu na uchambuzi wa kilevi cha jumla na halisi, mabaki makavu (dry extract), asidi ya jumla, asidi tete, asidi ya limau na salfa dioksidi ya jumla, kutoka taasisi na maabara zilizosajiliwa na nchi yetu kwa Tume ya Ulaya. Ulizia TBS hilo kabla ya safari, siyo baada ya oda, kwa sababu mwagizaji atataka kujua ni nani anatia saini na inachukua siku ngapi.

#13 Mzabibu wa Hombolo

Nimerekebisha orodha: Carnet imetoka, chupa 42, tamko la asili limeingia kwenye ankara. Mwenye nukuu ya karibuni ya shehena ya ndege Dar kwenda Düsseldorf au Frankfurt kwa kilo 60 hadi 70 aiweke hapa, aseme na kama friji uwanjani imo kwenye bei.